Kuku wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na mwewe naye ameanza. Nilikuwa barazani nashona kisigino cha kiatu cha mwalimu, kivuli kikapita juu ya magoti yangu, na kabla sijainua kichwa kifaranga mmoja alikuwa tayari angani, analia. Nikarusha nyundo. Nyundo ikagonga sufuria, sufuria ikaangusha ndoo, na kuku wote wakakimbilia chini ya meza yangu ya ufundi, kana kwamba mimi ndiye wa kutegemewa.

Laiti wangejua. Mimi ni mwoga tangu nizaliwe. Naogopa ngurumo, naogopa mbwa, naogopa hata wateja wanaokuja kuulizia viatu ambavyo sijavigusa. Lakini hofu niliyo nayo sasa ni ya aina nyingine, na hakuna wa kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Kuku hawa ni wa mama mkwe wangu. Alipofiwa na mzee mwaka jana tulimleta kwetu, akalala, akageukia ukuta. Kula hataki, kuongea hataki, mjukuu wake Kidosho akimpanda mgongoni yeye kimya. Tulishaanza kunong'ona mambo ya mazishi. Ndipo mke wangu akarudi na tetea watatu ndani ya tenga. Kesho yake asubuhi tukasikia sauti ya mama kutoka chumbani: "Hawa wamepewa maji?" Akaamka. Tangu siku hiyo hajalala mchana. Kuku wamezaana, wanazurura uani watakavyo, maana habari ya kuwafungia hataki kuisikia. "Nimfungie, kwani kaiba nini?" husema.

Mke wangu yuko kiwanda cha mikate; huondoka gizani, hurudi gizani. Nilipomweleza habari ya mwewe alisema, "Baba Kidosho, wewe ndiye unayeshinda nyumbani. Kuku wa mama wakiisha, atarudi kwenye ule ukuta. Na safari hii hatuwezi kumtoa."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua kutwa. Hakuna aliyechukuliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Jirani yetu anauza dawa za mifugo. Watu humwita Daktari wa Mbuzi, naye alishachoka kukasirika. Ameniambia mwewe hagusi kitu chenye rangi asiyoizoea. Basi nimewapaka vifaranga wote rangi nyekundu ya ngozi, ile ya kurudishia viatu uhai. Mikono yangu ni myekundu hadi kwenye viwiko. Kidosho, ambaye ana miaka minne, alitaka naye apakwe, na alipokataliwa alilia mpaka akalala.

Nilimjulisha mama. "Mama, vifaranga wako nimewafanya wekundu."

Akacheka. Akamshika mmoja, akampapasa, akamnusa. "Wamependeza. Ila huyu ananuka kiatu."

Niseme ukweli, sijui alicheka kwa uso gani. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana sana. Akipita nainamisha kichwa, nikiongea naye natazama mlango. Chumbani kwake sijawahi kukanyaga. Viatu vyake navijua kuliko uso wake.

Jumapili, 10 Machi

Mwewe amechukua kifaranga mwekundu. Daktari wa Mbuzi anasema labda huyu mwewe ni mgeni.

Jumatano, 13 Machi

Nimetundika santuri mbovu kwenye kamba kuzunguka ua wote. Jua likitoka zinameta, na mwewe anazunguka juu, anakasirika, anakwenda zake. Leo nimekula nikashiba.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imelegea lakini nyasi za nje ya uzio zimefika kiunoni. Kiwanja kile hakina mwenyewe, na kila nikikitazama naona kinatikisika, hata pasipo upepo.

Nilikuwa nalainisha ngozi pale mama aliposema kutoka mlangoni, "Kilemba hayupo."

Kilemba ni yule tetea mwenye manyoya kichwani. Nikatazama huku na huku, kweli hayupo. "Umejuaje, Mama?"

"Sauti yake siisikii."

Nikajiambia, mama huyu kuku anawajua kweli kweli. Nikaenda kutafuta. Nikakuta manyoya chini ya uzio na bawa moja, na tundu dogo limechimbwa kuingia kwenye nyasi. Mwewe hachimbi. Nikarudi kinyumenyume.

"Umempata?" mama akauliza.

"Labda kaenda kutaga mbali," nikasema.

Wakati wa kula niliiangalia sahani yake mwanzo mpaka mwisho. Nusu ilibaki.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemwona. Ni nguchiro, kinyama kirefu cha kijivu, kichwa chembamba, mkia kama brashi ya viatu. Alitoka kwenye nyasi mchana kweupe, akasimama kwa miguu ya nyuma, akanitazama. Mimi nina nyundo mkononi, yeye hana kitu, na aliyekuwa anatetemeka ni mimi. Alinikagua vya kutosha, akaona hakuna kazi hapa, akarudi ndani taratibu.

Nimeziba tundu kwa mawe. Anachimba jingine.

Jumapili, 24 Machi

Mama amelala mchana. Anasema ni mvua tu.

Jumanne, 26 Machi

Amelala tena.

Ijumaa, 29 Machi

Nguchiro amechukua koo, mama wa vifaranga wekundu. Vifaranga wenyewe walitawanyika kwenye mvua, nikaokota waliobaki mmoja mmoja nikiwatia ndani ya kofia. Mama aliwapokea, akawaweka kifuani, akaingia nao chumbani na kufunga mlango. Hakutoka mpaka jioni. Mke wangu alirudi akaukuta mlango ule umefungwa, akanitazama bila neno. Afadhali angenitukana.

Sasa kila asubuhi kabla sijafungua macho natega sikio. Nikisikia mama anawaita kuku, napumua. Akichelewa kidogo, naenda kusimama nje ya mlango wake.

Jumatatu, 1 Aprili

Daktari wa Mbuzi amenipa unga wa kijivu ndani ya karatasi. "Nguchiro anapenda yai kupita kiasi," amesema. "Toboa, tia, ziba. Halafu nawa mikono mpaka ngozi ilie."

Nimechukua mayai matatu. Nimeyatoboa kwa msharasi ninaotobolea soli, nikatia unga, nikaziba kwa nta ninayopaka uzi. Kazi safi, hata fundi mwenzangu asingeona pa kutia kosa. Halafu, kwa kuwa mimi ni mwoga na namwogopea kila mtu, nikayapaka yote rangi nyekundu ya ngozi ili yasije yakachanganywa. Nimeyaweka chini ya uzio, nimeyatandikia nyasi kavu vizuri yasilowe.

Kisha nikasimama nje ya mlango wa mama, nikikitazama kitasa. "Mama, ukiona mayai mekundu popote, tafadhali usiyaguse. Yana sumu."

"Sawa, baba. Mekundu nisiguse."

Kidosho nimemtishia kwamba akisogelea uzio nitamchapa. Sijawahi kumchapa. Alinikodolea macho.

Jumanne, 2 Aprili

Mayai yapo. Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Yamekwenda! Nimekwenda jioni nikakuta nyasi tupu, hata ganda hakuna. Ameyala yote matatu, mroho yule. Nimeimba nikifunga meza. Mke wangu amecheka, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze tumekula tukiongea. Kesho natafuta mzoga.

Ijumaa, 5 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Jana asubuhi niliingia jikoni kuchukua maji. Mke wangu alishakwenda kazini, Kidosho alishapelekwa chekechea na binti wa jirani. Mama alikuwa anakwangua sufuria. Mezani kulikuwa na bakuli la mayai, na katikati ya meupe yalikuwapo mawili mekundu.

Niliyahesabu kama mtu asiyejua kuhesabu. Mawili. Mimi niliweka matatu.

"Mama," nikasema, "haya mayai umeyatoa wapi?"

"Pale uzioni. Kishingo, yule tetea wa shingo tupu, kahamia huko. Jana nilimsikia akitangaza kwamba ametaga, nikamfuata, nikapapasa, nikakuta mengi."

Mimi ni fundi viatu. Ngozi naijua, kuku siwajui. Sikujua kwamba kuku akiona mayai yamekusanywa kwenye nyasi kavu anaona ameonyeshwa pa kutagia. Mtego wangu wa nguchiro nilikuwa nimeutengeneza uwe kiota.

"Na mekundu yalikuwa mangapi?"

"Mekundu?"

"Mekundu, Mama! Mekundu! Si nilikuambia?"

Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mama mkwe wangu, jikoni, nikalichukua yai moja nikamsogezea usoni. Hakulitazama yai. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu ilipotoka, kwenye sikio langu hivi. Na hapo, baada ya mwaka mzima chini ya paa moja, ndipo nilipomtazama macho. Yalikuwa na ukungu mweupe, yote mawili.

"Sioni, baba," akasema polepole. "Ni muda sasa. Naona mwanga wa mlango, basi."

"Asubuhi Kidosho umempa nini?"

"Yai la kuchemsha. Jingine nimekula mimi."

Sikumbuki kutoka. Nakumbuka matope, na kwamba mguu mmoja nilikuwa na ndara yangu na mwingine kiatu cha mteja. Chekechea walikuwa wanaimba. Nilimnyanyua Kidosho katikati ya wimbo, nikafungua mkebe wake wa chakula, mtupu. Nikamtia vidole kooni mbele ya darasa zima atapike. Watoto wakaangua kilio, mwalimu akanishika shati akidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia sumu, akaniachia, akasimamisha pikipiki.

Zahanati tulimkuta mama amefika. Daktari wa Mbuzi, aliyesikia kelele zangu, alimleta kwenye gari lake la kubebea vyakula vya mifugo, naye mwenyewe alikuwa ameshika ile karatasi ya unga, anamwambia kila anayepita, "Mimi nilisema nguchiro. Sikusema mtu."

Tulikaa pale kutwa. Mtoto kitanda hiki, bibi kitanda hiki, mimi katikati. Nilikuwa naangalia midomo yao. Kidosho akipiga chafya, nainuka. Mama akifumba macho, namwita. Mke wangu alifika na unga wa ngano hadi kwenye nyusi, akamkumbatia mtoto, akauliza mara moja tu, "Ni nani aliyeweka?" Nikasema ni mimi.

Jioni daktari wa zahanati akasema kwamba wangekuwa wamekula sumu ile, ingeshajionyesha zamani. Hawakula. Alimmulika mama macho, akasema ni mtoto wa jicho, hutibika, mvua zikiisha apelekwe hospitali kubwa. Njia nzima ya kurudi mama alikaa ametupa kisogo.

Mawili nimeyafukia ndani kabisa na kuweka mawe juu. La tatu halijulikani liliko. Mama hajui aliokota mangapi. Nilimuuliza Kidosho, "Umeona yai jekundu? Sema! Liko wapi?" Sauti bado ilikuwa ile ya jikoni. Akatikisa kichwa, akajificha nyuma ya mama yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Mama amegeukia ukuta.

Jumatatu, 8 Aprili

Kuku wako hai, isipokuwa wale wa nguchiro. Nilichokuwa nakiogopa kimetokea, na kimetokea kwa mkono wangu. Mke wangu humpelekea mama uji asubuhi kabla ya kazi, jioni huukuta umeganda. Mama hataki hata kutajiwa kuku. "Mwambieni baba awauze," ndilo neno pekee alilosema.

Nimepekua kila mahali. Makapi, kuni, chini ya matandiko ya kuku, ndani ya viatu vya wateja. Mke wangu hanisemeshi ila kwa swali moja: "Limeonekana?"

Jumanne, 9 Aprili

Halijaonekana. Tunakula mikate tu, ya kiwandani, iliyofungwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Asubuhi nilimkuta Kishingo amejikunyata pembeni, shingo yake tupu imelegea, macho amefumba. Nilipiga magoti nikamngoja afe. Kumbe alikuwa amelowa tu.

Nilikuwa nimebaki na tumaini moja, kwamba la tatu lililiwa na nguchiro. Saa ya adhuhuri alikuja akasimama juu ya uzio, amenenepa, anang'aa.

Ijumaa, 12 Aprili

Nguchiro amechukua tetea mweusi. Mimi nilikuwa nimejilaza kifudifudi chini ya kabati la jikoni natafuta yai. Nilisikia kuku wakipiga kelele, nikadhani wanagombana. Zamani mama angeshaita. Leo chumba chake kilikuwa kimya, na aliyekuwa anasikia kila kitu humo ndani hakutaka tena kusema.

Kidosho naye amebadilika. Hachezi karibu na meza yangu kama zamani. Nikiingia chumbani anavuta shuka, anaketi juu yake, ananiangalia. Nadhani ni vile vidole vya kooni. Simlaumu.

Jumapili, 14 Aprili

Mke wangu alikuwa na zamu. Mvua ilikuwa imekatika tangu usiku, jua limetoka, kuku wametawanyika uani. Nilikuwa mezani nimeshika soli, sishoni. Nikasikia kitu kinasugua ukuta ndani. Kiganja. Na nyayo, bila viatu.

Mama akatokea mlangoni. Alikuwa amekonda, nywele hazijachanwa. Kidosho alikuwa ameng'ang'ania gauni lake, uso umelowa machozi.

"Baba Kidosho," mama akasema, "nyoosha mkono, na usipige kelele."

Nikanyoosha. Akaniwekea yai jekundu, limeviringishwa kwenye kipande cha ngozi laini kutoka kwenye mabaki yangu.

"Lilikuwa kwa mtoto. Siku ile nilipoweka bakuli chini alilichukua. Vifaranga wekundu, anasema, hutoka kwenye mayai mekundu. Amekuwa akiliatamia. Usiku analala nalo chini ya shavu. Leo kaja kitandani kwangu, kaniuliza, 'Bibi, mbona hatoki?' Nikaligusa, nikakuta nta."

Niligeuza yai. Nta ilikuwa na ufa mwembamba, umefika kwenye ganda. Usiku mmoja zaidi, shavu likilemea kidogo tu. Niliketi chini.

"Kidosho," nikasema kwa upole niwezavyo, "mbona hukumwambia baba?"

Akauficha uso kwenye gauni la bibi yake. Mama akamjibia. "Anakuogopa. Ulikuwa unaliulizia kwa kelele." Kisha akaongeza, "Mimi pia. Macho yalianza kabla mzee hajafa. Nilisema, mkwe akijua atasema mama huyu amekuwa mzigo. Ukaniambia mekundu, nikaitikia mekundu. Ningekuambia wakati ule, haya yote yasingekuwa."

Nilimtazama usoni. Sikutazama mlango.

"Mama, hapa mwoga ni mimi," nikasema. "Naogopa nguchiro. Naogopa mwewe. Kila asubuhi naogopa kwamba hutaamka. Nilipiga kelele kwa sababu nilikuwa nakufa kwa hofu."

"Hilo la uoga nalijua," akasema. "Kila ngurumo ikipiga, nasikia nyundo yako inasimama."

Kidosho akacheka kwenye gauni. Nami nikacheka, kisha nikaona nalia, nikaacha iwe hivyo.

Nililipeleka yai nikalifukia pamoja na wenzake. Nikamwogesha Kidosho mara mbili, mikono, mashavu, masikio, mpaka akalalamika. Niliporudi barazani mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, uso umeelekea uani, bakuli la uji mapajani. Anakula. Sikusema neno nisije nikaharibu. Nikachukua soli yangu nikaanza kushona.

Hatukukaa sana. Jogoo alipiga kelele ghafla na kuku wote wakaitikia. Nikainuka, nikatazama juu nikimtafuta mwewe.

"Chini," mama akasema. "Hiyo si ya mwewe. Ya mwewe huwa ndefu, moja tu. Yuko kwenye nyasi, upande wa kulia, anamjia Kishingo. Kimbia."

Nilikuwa mwoga vilevile. Nikakimbia kuelekea kwenye nyasi.